Majibu Mawili

Mtu asiniambie ilikuwa hitilafu ya mitambo. Fundi wa mtandao wa ile hospitali ni mdogo wangu wa kiume, na aliyelazwa ni mama yetu mzazi.

Ulikuwa mchana wa kawaida tu. Mashine ya mama ilipeleka mapigo ya moyo kwenye seva, kompyuta kuu ya hospitali, wauguzi wakayaona kwenye skrini. Seva ilibeba programu nyingi, kila moja ndani ya kontena lake, yaani kijichumba chake humo kwenye seva, na anwani yake. Mashine ikitaka kutuma kitu, huuliza mtandao mzima: nani mwenye anwani hii? Anapaswa kujibu mwenyewe tu. Lakini seva ilikuwa na kadi mbili za mtandao, na ukiziacha hivi hivi, moja humjibia mwenzake. Mdogo wangu alitaka kuzidhibiti. Bosi wake, mjuaji wa kila kitu, akamwambia, "Si inafanya kazi? Usiiguse." Simsamehe mpaka leo.

Mama akaanza kutweta. Nikawakimbilia wauguzi, wakanionyesha skrini: moyo unapiga taratibu, hauna wasiwasi.

"Mama yako mzima," wakasema.

Niliwatukana, kisha nikampigia simu mdogo wangu aliyekuwa chumba cha seva. Aliuliza mtandaoni nani mwenye anwani ya kontena lililopokea mapigo ya mama. Yakaja majibu mawili. Akachomoa waya wa kadi ya pili.

Yakaja mawili.

Akaing'oa kadi yenyewe.

"Dada," akaninong'oneza, "ninayo mkononi. Bado inajibu."

"Izime basi."

"Nizime nini?"

Akaiandikia mashine ya mama kwa mkono njia ya kufika kwenye kontena lake, isimuulize tena mtu yeyote. Jibu la pili likakatika. Skrini ikapokea mapigo halisi ya mama, ikawa nyekundu, madaktari wakaja mbio. Mama akapona.

"Nimemfukuza," mdogo wangu aliniambia. Hakusema ni nani, wala ameenda wapi.

Juzi nyumbani nilimwita mdogo wangu. Alikuwa mbele yangu kabisa, mlangoni. Akafungua mdomo aitike.

"Naam, dada."

Ilitoka chumbani. Sauti yake mwenyewe. Humo alikuwamo mama tu, amelala.

Nikaingia. Nikamwita tena mdogo wangu, polepole, nikiwa nimekazia macho midomo ya mama. Haikutikisika.

"Naam, dada."

Siku hizi nyumbani kwetu hatuitani. Tunagusana bega.