Dalia ya Mama Imesahau Rangi

Lifti ya lile jengo la maduka ilikuwa na tabia mbaya: ilikwama siku za watu wengi tu. Siku hiyo ilikwama msusi akiwa ndani, yeye na ndoo ya maua. Chini watu walikuwa wamejaa na mizigo yao, wanabonyeza kitufe na kusonya.

"Kuna mtu humo?" sauti ya kiume iliuliza kwenye ufa wa mlango.

"Hakuna. Ni ndoo inaongea."

Fundi lifti alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. "Basi ndoo itulie, nakuja kuitoa."

"Fanya haraka, kaka. Mimi naweza kusubiri, maua hayawezi."

Kwa ulimi ule, alitegemea kukuta mama wa makamo. Mlango ulipofunguka akamwona dada wa gauni la njano, nywele kasuka mistari myembamba, jasho linamtiririka shingoni, na ndoo kaikumbatia. Na maua yenyewe, lo! Makubwa kama sahani, rangi ya zambarau iliyoiva, kila petali ina ncha nyeupe.

"Haya ndiyo nini?"

"Dalia. Usiguse, una grisi mikononi."

"Na mwenye maua naye haguswi?"

"Mwenye maua ana mdomo, umeshausikia."

Hata hivyo msusi alichomoa ua moja, akamchomekea fundi kwenye mfuko wa ovaroli. Basi yakaanza hapo. Yeye akawa Bibi Ndoo, mwenzake akawa Fundi, na simu zao zikawa hazina mwisho. Wateja saluni walikaa na vichwa vilivyosukwa nusu, wakisubiri wawili hao waagane, na kila wakiagana walikumbuka neno jingine.

Nyuma ya nyumba yake msusi alikuwa na kipande cha ardhi kisichozidi chumba. Marehemu mama yake aliotesha dalia pale kwa mbegu, na mbegu ya dalia ina kiburi, haimfuati mzazi. Kila mche hutoka na sura yake. Ua lile la ncha nyeupe lilitokea mara moja tu, kwenye bustani ile, na njia ya kulipata tena ni kutunza viazi vinavyoota chini ya shina lake: kuvichimbua msimu ukiisha, kuvilaza pakavu, kuvipanda upya. Viazi vikifa, ua limekufa, hakuna pa kwenda kuliomba. Mama alipofariki, ndugu waligawana vyombo na nguo. Yeye alichukua viazi, wakamcheka.

"Ukinioa mimi umeoa na bustani," alimwambia Fundi siku moja, magoti yake yamejaa udongo.

"Nitaoa mpaka konokono wake."

"Konokono hapana. Hao nawaua."

Wakachumbiana, akavishwa pete. Hata siku ya harusi haijapangwa, yeye alishaamua kwamba atashika maua ya mama yake mkononi, maana mama mwenyewe hatakuwepo.

Kisha dada yake anayeishi mbali akajifungua kwa shida, ikabidi aende kumuuguza. Viazi ndiyo kwanza alikuwa amevipanda. Akamkabidhi Fundi ufunguo.

"Nisikilize vizuri. Usimwagilie."

"Hata kidogo?"

"Hata tone. Kiazi bado hakina mizizi ya kunywea, maji yatakiozesha. Subiri mpaka uone kijani kimetoka juu. Umenielewa, mpenzi?"

"Natunza lifti inayobeba roho za watu, nitashindwa na viazi?"

Jua likawaka, udongo ukapasuka. Fundi kila akipita roho inamuuma. Kazini kwake kitu kikikauka unakitia mafuta kabla hakijasagika, ndivyo mikono yake ilivyofundishwa. Na vile vilikuwa vitu vya mpenzi wake, viko kwenye udongo mkavu kama jivu! Akajaza kopo, akamwagilia. Kesho yake akamwagilia tena. Mapenzi ndiyo yaliyomtuma, hilo tusimnyang'anye. Kijani hakikutoka. Alipofukua kwa kidole alikuta uji unaonuka.

Simu ikalia akiwa bado amechuchumaa palepale.

"Kipenzi, viazi vyangu havijambo?"

"Vizima."

"Vimechipua?"

Jamani, hapo ndipo pa kusema! Neno moja tu, lingeuma, lingepita.

"Vimechipua."

"Mungu wangu! Nilijua tu mkono wako una baraka. Nakupenda, unasikia? Nakupenda!"

Alivizoa vile vilivyooza, akaenda kwa muuza miche, akaeleza rangi kwa mikono na miguu. Muuzaji akaapa kwamba dalia alizo nazo ni zilezile, Fundi akanunua, akazipanda palepale. Mtu anayetaka kudanganywa hahitaji kiapo kirefu.

Msusi aliporudi alikimbilia bustani kabla ya kutua begi. Alicheka, akalia, akambusu Fundi kwenye sikio kwa kukosea shavu. Tangu hapo kila asubuhi alikuwa pale. Alichomeka vijiti, akaifunga miche kwa vipande vya gauni kuukuu la marehemu, akakata ncha ya juu ili itoe matawi. Na kabla ya yote aliinama na kusema, "Shikamoo, mama." Fundi alisimama nyuma yake na kikombe cha chai alichomletea, anasikia.

Tumba la kwanza likafunguka. Jekundu tupu.

"Nyeupe iko wapi?" msusi aliuliza kwa sauti ndogo. "Labda jua ni kali."

La pili jekundu. La tatu jekundu. Akampigia mama yake mdogo.

"Mama mdogo, dalia ya mama imesahau rangi."

"Umeifanya nini, mwanangu?"

"Sijui. Labda nilikata ncha mapema, labda mbolea. Kitu kimoja tu nilichopewa na mama, nimekiharibu."

Akakosa hamu ya kula. Saluni ikafungwa, wateja wakahamia kwa wengine. Lile gauni la njano likaanza kumpwaya mabegani.

"Si kosa lako," Fundi alimwambia.

"La nani basi?"

Akaenda kumchemshia chai, na siku zikaendelea kwenda. Nami kwa hilo sina la kumtetea. Mpaka mchana mmoja alipomkuta amepiga magoti mbele ya yale maua mekundu, ameshika petali, anasema, "Nisamehe mama, sikujua kukutunza."

"Inuka," Fundi akasema. "Inuka, tafadhali. Hizi si za mama. Zile nilimwagilia, zikaoza. Hizi nilinunua."

Msusi hakupiga kelele. Aliinuka polepole, akajifuta mikono kwenye gauni.

"Nilipokupigia simu kuuliza..."

"Zilikuwa zimeshaoza."

"Na za mama uliziweka wapi?"

"Kwenye taka. Gari likachukua."

Hapo ndipo alipolia, kwa kwikwi, ameshika kiuno kama mtu aliyepigwa. Fundi akataka kumshika, akarudi nyuma.

"Nitukane. Nipige. Nilimwagilia kwa kukupenda."

"Najua. Kuoza nimekusamehe, hata mimi niliwahi kuozesha. Ungeniambia siku ile, ningelia, na ungekuwa umenishika." Alivuta pumzi. "Lakini umeniona nakonda, Fundi. Umenisikia namwomba mama yangu radhi kwa kosa lako, ukaniletea chai."

"Niliogopa kukupoteza."

"Ndiyo ukaniacha nijichukie mimi?"

Upepo ukatikisa yale maua.

"Nampenda mtu huyu," msusi alisema, akiwa kama anajiambia mwenyewe. "Nampenda, na siku akiniambia mtoto wetu mzima nitainuka kwenda kumchungulia. Nitaishi hivyo mpaka lini?"

Pete ilitoka kwa taabu, vidole vilikuwa na udongo. Akamwekea kiganjani, akakifumba kiganja chake kwa mikono yake yote miwili, akakishika kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia.

"Na hizi utazing'oa?" Fundi aliuliza.

"Za nini? Hizi hazijamdanganya mtu."

Akachukua kopo, akaanza kuzimwagilia, machozi yanamtoka na hayafuti.

Mama alipokufa mara ya kwanza nyumba ilijaa watu, mikono ikashikwa, pole zikatolewa mpaka sauti zikakauka. Safari hii majirani walikuwa wanaanika nguo zao na redio zinaimba. Duniani kote, zaidi yake, mtu mmoja tu alijua kwamba pale pana msiba. Mtu huyo alifika getini, akasimama, akageuka.

"Pole kwa kufiwa," Fundi akasema.

"Ahsante," akamjibu, bila kuinua kichwa, kama watu wote wanavyojibu. "Nimeshapoa."