Alama ya Tatu

Kila siku akirudi kutoka shule, Chapuchapu alikuwa akitupa mkoba kitandani, akila huku amesimama, kisha akikimbilia chumba cha mbele ambako shangazi yake alifanyia kazi. Jina hilo la utani alipewa na bibi yake, kwa kuwa mtoto huyo hakuwa na mwendo wa kawaida. Alijua mbio tu. Hata kufagia kwake kulikuwa kwa mbio, na vumbi la pembeni lilikuwa halina wasiwasi naye.

Shangazi alikuwa fundi wa video. Watu walimletea kanda zao za zamani, za harusi na za mahafali, naye akazihamishia kwenye kompyuta, kisha akazichoma, yaani akazinakili, kwenye diski. Kabla ya kuchoma, aliweka alama ndani ya picha. Mtazamaji akibonyeza kitufe cha kuruka kwenye rimoti, anafika palepale penye alama, wala hana haja ya kukaa saa nzima akingoja.

Wiki hiyo kazi ilikuwa ya nyumbani. Bibi alitaka diski ya harusi ya shangazi, ambaye ni binti yake. Katika harusi hiyo babu alisimama akasema maneno machache, na hiyo ndiyo sauti pekee ya babu iliyokuwa imebaki, maana alifariki miaka minne iliyopita na enzi za uhai wake alikuwa akiikimbia kamera. Sasa macho ya bibi yalikuwa yamefifia, hakuweza kusoma chochote kwenye skrini. Shangazi akabandika kipande cha plasta juu ya kitufe cha kuruka ili bibi akipapase kwa kidole, wakakubaliana hivi: akibonyeza mara moja, wageni wanaingia, mara mbili, dada zake wanaimba, mara tatu, babu anaongea.

"Keti uitazame yote," shangazi alimwambia Chapuchapu. "Kila alama uiweke kwa mkono wako. Usibahatishe."

Kanda ilikuwa ya saa mbili na nusu. Nje, wenzake walikuwa wakiruka kamba na kucheka. Chapuchapu alivumilia dakika ishirini, akakumbuka kwamba kompyuta ina njia ya mkato: unaiagiza iweke alama yenyewe kila baada ya dakika kumi. Akaiagiza, akatoka. Baadaye shangazi alipomuuliza kama ameitazama yote, alijibu bila kupepesa macho kwamba ameitazama mpaka mwisho. Shangazi, aliyekuwa amebanwa na kazi za watu, akamwamini. Akaichoma diski na kumwambia mama yake kuwa iko tayari.

Jumamosi alasiri bibi alioga, akavaa gauni lake zuri, akaketi mbele ya televisheni. "Leo, mke mwenzangu, mume wetu anarudi," alimtania Chapuchapu. "Kwa hiyo kaa mbali kidogo." Chapuchapu alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Bibi akapapasa plasta, akabonyeza mara tatu, akihesabu kwa sauti. Zikasikika sahani zikigongana na mtu akiomba kiti. Akarudisha mwanzo, akabonyeza tena taratibu. Sahani zilezile. Alijaribu mara ya tatu, kisha akaiweka rimoti mapajani.

"Basi," alisema kwa upole. "Ni kosa langu. Kanda niliiweka juu ya kabati, chini ya bati. Joto limekula kipande chenye sauti yake. Mwenyewe nilimtunza miaka yote ile. Sauti tu ndiyo imenishinda."

Shangazi alimshika bega akamwambia asijilaumu, kanda za zamani huharibika zenyewe, na ataikagua upya. Chapuchapu alisikia kila neno. Angenyamaza tu, lawama yote ingeiangukia kanda, na kanda haina mdomo wa kujitetea. Lakini alimtazama bibi akilikunja pindo la gauni lake zuri, akaona vibaya mno. Machozi yakamtangulia.

"Bibi, kanda haijaharibika," alisema. "Sikuitazama. Niliiachia kompyuta iweke alama, mimi nikaenda kuruka kamba. Halafu nikamdanganya shangazi."

Shangazi hakufoka, na hilo lilimuuma Chapuchapu zaidi. Alimwambia kwamba diski si neno, diski nyingine zipo. Kilichomuuma ni kwamba alimwahidi mama yake kwa kutegemea kauli ya mtoto, na kauli yenyewe ilikuwa tupu. Kisha akawasha kompyuta na kumsogezea kiti.

Safari hii Chapuchapu alikaa. Alipita kwenye wageni, akaweka alama. Alipita kwenye dada za bibi, ambao mmoja wao aliimba kama mlango usiotiwa mafuta, akaweka alama. Mwishowe babu akasimama, mrefu, tai imekaa upande. Akakohoa, akasema, "Mchumba, simama watu wakuone." Chapuchapu akarudisha picha nyuma na kuweka alama pale midomo ya babu ilipoanza kufunguka. Kwenye kompyuta ikawa sawasawa.

Shangazi alichoma diski mpya, akamwambia aijaribu kwenye deki ya bibi, maana bibi hatatazama kwenye kompyuta. Chapuchapu akabonyeza mara tatu. Babu akasema, "...simama watu wakuone." Neno la kwanza halikuwepo.

Ni neno moja tu, aliwaza, nani atajua? Wazo hilo lilimjia kwa kasi yake ya kawaida, naye akalikataa. Akaenda kumwambia shangazi.

Shangazi alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alimweleza kwamba diski ni kama ngazi: huwezi kusimama katikati ya vidato viwili, na deki hutua kwenye kidato kilicho karibu, hata kama kimeshapita neno lako. Kwa hiyo fundi huweka alama nyuma kidogo, penye ukimya. Chapuchapu akairudisha alama mpaka kabla ya kile kikohozi. Diski ya tatu ikachomwa, ikajaribiwa mara nne.

Bibi akaitwa. Akabonyeza akihesabu: moja, mbili, tatu. Kikasikika kikohozi, kisha sauti nene, yenye uchangamfu: "Mchumba, simama watu wakuone."

Bibi akasimama. Alisimama pale chumbani mkono ukiwa kifuani, machozi yakimtiririka, na hakuna aliyethubutu kumwambia aketi mpaka babu alipomaliza.

"Watu wengi wanaweza kuniambia nisimame," alisema hatimaye, akimvuta Chapuchapu ubavuni. "Mchumba aliniita yeye peke yake, mpaka uzeeni. Sikiliza, mjukuu wangu. Kazi yako ikimfikia mtu asiyeweza kuikagua, hana ulinzi mwingine ila ukweli wako. Ulikosea, lakini leo umesema mwenyewe, ukarudia mpaka ikanyooka. Hivyo ndivyo mtu anavyoaminiwa."

Chapuchapu aliitikia, akajifuta uso kwa gauni la bibi. Bibi akapapasa tena ile plasta.

"Sasa nyamazeni wote," alisema. "Naitwa."