Mkwe Juu ya Boriti

Irine alikuwa jikoni, khanga kiunoni, anapepeta mahindi ya makande, alipomsikia baba mkwe wake akikohoa. Kilikuwa kile kikohozi chake kifupi, cha mtu mzima anayetangaza kwamba anapita. Irine akafanya kama alivyofanya siku zote tangu aolewe: aliweka ungo chini, akajibanza nyuma ya mlango, akainamisha macho, akampa njia. Akasubiri. Akapita kuku. Ndipo alipokumbuka kwamba Mzee Eliamini walikwisha kumzika huko Mbaga, milimani, masika yaliyopita, na yeye Irine ndiye aliyepika chai ya msibani.

Huko kwao mkwe na baba mkwe hawapitani ovyo kama mbuzi. Mzee akija, mwanamke huacha njia, hata kama pembeni kuna upupu. Mzee naye hamgusi, hamtazami usoni, hamwiti jina lake. Na ikitokea mwanamke hana pa kupisha, basi mzee mwenyewe ndiye huruka kando na mvi zake, maana kumgusa mkwe ni laana, na laana haina mkubwa. Irine alilelewa hivyo, na mwili wake ulijua adabu hiyo hata akili ikiwa imelala.

Kikohozi kikaja tena. Safari hii alikisikia vizuri kilikotoka. Kilitoka juu, darini.

Dari lenyewe lilikuwa dari kwa jina tu. Mumewe, Loth, aliijenga nyumba ile pale Same mjini katika miaka ile ya foleni, miaka ambayo ukipata msumari hupati bati, na ukipata bati jirani anakuuliza umelipata wapi. Sebule na chumba cha kulala vilipata hadibodi, zile mbao nyembamba kama biskuti. Kwingineko ukitazama juu uliona boriti, kenchi zinazobeba paa, na bati. Boriti nazo zilikuwa na kisa chao. Mbao hazikupatikana kwa pesa wala kwa kubembeleza, basi Loth akapanda Mbaga, akaangusha mti katika msitu wa ukoo, msitu ambao hata kuni zilizoanguka zenyewe haziokotwi.

“Mimi ni mzee wa kanisa, sina habari na mizimu,” Mzee Eliamini alimwambia mwanawe. “Lakini mti ule una mwenyewe. Mwache akae kwake.”

Loth alicheka. Mti ukawa boriti ndefu ya katikati, nyeusi, na boriti ile haikukauka. Same jua ni kali hata mate hukauka kabla hayajafika chini, lakini boriti ya Mbaga ilibaki mbichi, na siku za joto sebule nzima ilinuka kuvu na majani yaliyooza. Mzee alikuja kuitazama mara moja tu, akarudi milimani, akalala, hakuamka.

“Kuna mtu anakohoa darini,” Irine alimwambia mumewe jioni ile.

“Ni paka, mama Justa.”

“Paka hakohoi.”

“Basi ni paka mwenye mafua.” Loth akaendelea kula. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, ila sikio lake lilizibwa na biashara.

Na biashara hiyo ndiyo iliyompeleka Irine darini. Loth alikuwa akivusha miche ya sabuni na vitenge kutoka ng'ambo ya mpaka, na mwaka ule msako wa wahujumu uchumi ulikuwa umepamba moto. Mtu aliweza kufungwa kwa katoni ya sabuni. Mchana mmoja jirani yao Priska alipita uani akijifanya anatafuta kuku wake, akasema bila kugeuka, “Mgambo wameanzia nyumba za juu. Wanachoma dari kwa fimbo.”

Bidhaa zilikuwa darini, karibu na tundu la kupandia. Mtu yeyote akichungulia angeziona. Ilibidi zisogezwe hadi mwisho wa nyumba, nyuma ya ukuta wa chumba cha kulala uliopanda hadi kwenye kenchi. Loth alikuwa na kitambi cha kutosha kuliangusha dari lote. Ikabaki Irine. Na Irine alikuwa na Justa mgongoni, mtoto wa miezi kadhaa anayeota meno, ambaye ukimweka chini mtaa mzima unajua.

“Sipandi huko, baba Justa.”

“Nitafungwa, mama. Utamlea na nani?”

Akapanda. Loth alishika ngazi, akimnong'oneza yale aliyoambiwa na Raymond, fundi wa paa: “Barabara ni boriti tu. Hadibodi haibebi hata kuku. Shika kenchi kwanza, ndipo unyanyue mguu. Kichwa kipishe misumari ya bati. Na usigeuke kwa haraka.”

Joto la juu lilimkaba koo. Mwanga ulipenya kwenye matundu ya misumari, madoa madogo madogo. Boriti nyingine ziliishia katikati ya nyumba. Ya Mbaga peke yake ndiyo iliyokwenda moja kwa moja hadi mwisho. Irine akaikanyaga kwa miguu mitupu. Ilikuwa baridi. Akajikaza, akabeba katoni, akashika kenchi, akanyanyua mguu, akashika tena, akaenda na kurudi hivyo hivyo hadi jasho likamwingia machoni, na mtoto mgongoni akapitiwa na usingizi.

Alikuwa amefika mwisho na furushi la mwisho aliposikia ngazi ikiondolewa. Tundu likafunikwa. Chini mlango ukagongwa kwa kitako cha kitu kizito.

“Wewe! Fungua!”

“Karibuni, karibuni, ndugu zangu,” ilisikika sauti ya Loth, imelainika kupita kiasi.

Irine akachuchumaa juu ya boriti. Mbele yake giza, nyuma yake ukuta. Pumzi ya Justa ilimpiga shingoni, na alichoomba kwa Mungu kilikuwa kimoja tu, kwamba mtoto asiamke.

Ndipo harufu ilipokuja.

Ilianza kidogo, kama nguo iliyofuliwa ikasahaulika kwenye beseni, kisha ikawa ya msitu wenyewe, ya kuvu na matope na majani ya miaka mingi, na ndani ya harufu hiyo mtu akakohoa, upande ule wa tundu, mahali ambapo Irine alikuwa ametoka sasa hivi na hapakuwa na mtu. Akainua macho. Juu ya boriti alisimama Mzee Eliamini, amevaa koti lake la kwendea kanisani, miguu peku imejaa tope bichi, na akaanza kutembea kumjia, polepole, bila kushika kenchi, bila kuinamisha kichwa, na misumari ya bati ikampita kichwani kana kwamba kichwa hakipo, na kila hatua aliyopiga boriti nzima ilinung'unika hadi chini ya nyayo za Irine, na Irine akatamani kupiga kelele, lakini kelele ni kifungo cha Loth, akatamani kukimbia, lakini hapakuwa na pa kukimbilia zaidi ya hewa na hadibodi.

“Irine,” alisema. Sauti ilikuwa ya mzee kabisa. “Nipishe, nipite.”

Na mwili ukatii. Irine alisimama, akainamisha macho, mguu wake wa kulia ukaacha boriti kutafuta kando ya njia. Kidole gumba kiligusa hadibodi, nayo ikalia.

“Ni nini hicho?” akauliza mgambo chini.

“Joto, bwana. Bati likipata moto hulia.”

Fimbo ikagonga. Tok. Tok. Ikagonga chini kabisa ya kidole chake, akasikia mtikisiko hadi kwenye goti. Pale ndipo alipoelewa alichokuwa akikifanya. Hapakuwa na kando. Hatua moja ya heshima, naye angeporomoka na mtoto mgongoni, wakatua kwenye sakafu ya saruji mbele ya mgambo. Akaurudisha mguu. Machozi yalimtoka kwa hofu tupu.

“Nipishe,” lilinong'ona lile jitu, limekaribia sasa. “Huyo mgongoni ni wa nyumba yangu. Nipishe nimwone.”

Hapo hofu ya Irine ikageuka hasira, kama inavyotokea kwa mama yeyote. Akainua uso. Na uso alioukuta ulikuwa ukimtazama machoni, wazi wazi. Mzee Eliamini, katika miaka yote ile, hakuwahi kumtazama machoni. Hakuwahi hata kumwita Irine.

“Wewe si baba,” alinong'ona. “Baba hajui hata rangi ya macho yangu.”

“Nipishe.”

“Sina pa kupisha.” Sauti ilimtetemeka, lakini maneno yalitoka. “Nina mtoto na sina pa kupisha. Umevaa sura ya mkwe. Haya, fanya anavyofanya mkwe.”

Akaishika kenchi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia akaunyoosha mbele, kiganja wazi, akapiga hatua moja kumwelekea.

Mwenye kuazima koti huvaa na chawa wake. Jitu likasita. Irine akapiga hatua nyingine, vidole vyake vikawa karibu kabisa na kifungo cha koti, na lile jitu, ambalo lilitoka msituni bila kumwogopa mtu, likageuza uso kando, likakunja mabega kwa haya ya kizee, likamwachia njia. Lilikanyaga hadibodi. Hadibodi haikulia wala haikupasuka. Lilizama ndani yake kama kijiko kinavyozama kwenye uji, miguu, koti, mvi, hadi likaisha.

Harufu ikakatika. Boriti chini ya nyayo za Irine ilikuwa kavu na ya moto kama mbao nyingine zote.

Chini, fimbo ilianguka sakafuni, haikuokotwa. Kisha akamsikia yule mgambo, aliyekuwa akifoka sasa hivi, akisema taratibu, “Basi, mzee. Utuwie radhi kwa usumbufu.” Viatu vikatoka mbio mbio. Loth wakati ule hakuwa hata na miaka thelathini na mitano.

Tundu likafunuliwa, ngazi ikaegeshwa. Irine alirudi boriti nzima akimshukuru Mungu kwa sauti ya chini, akateremsha mguu kwenye kipago cha kwanza.

“Baba Justa, nishikie mtoto, nguvu zimeniisha.”

Loth hakumshikia. Alipouona mguu wa mkewe alirudi nyuma, akageukia ukuta, mikono ameificha mgongoni.

“Pita,” alisema.

Irine akapita. Alidhani ni woga wa msako. Usiku ule Loth alitandika mkeka sebuleni. Asubuhi walipokutana ujiani alibana ukutani hadi mkewe alipomaliza kupita. Siku zikaenda, hakumgusa hata ncha ya khanga. Sabuni zilikaa darini, hakuziuliza. Irine alilia kwa siri, maana alikuwa akimpenda mtu yule na kicheko chake, na kicheko hakikuwepo tena. Lakini hayo angeyavumilia. Lililomtoa roho ni kwamba mtoto si mkwe. Mtoto hana mwiko. Loth alikuwa akimfuata Justa kila alipolazwa, anachuchumaa kando yake, na siku moja Irine aliporudi kutoka bombani alimkuta ameinyoosha mikono juu ya kitanda.

“Niachie mjukuu wangu,” Loth alisema bila kumtazama.

Irine alimnyakua mwanawe, akampitisha katikati ya mikono ile, na mikono ile ikarudi nyuma haraka isiguswe.

Alikuwa Mlutheri wa kuzaliwa, lakini maji yakifika shingoni mtu hachagui tawi la kushika. Alimtuma Priska hadi Kileo, akaja Mzee Athumani, mganga mwembamba mwenye kanzu iliyofifia. Alikuja mchana, Loth akiwa uani amekaa kivulini peke yake. Irine alimsimulia yote kwa kunong'ona. Mzee Athumani akapanda darini na chetezo chake, na kwa muda mrefu alisikika juu akitembea, akisoma, akigonga boriti moja moja. Moshi wa ubani ukapenya kwenye viungio vya hadibodi.

Aliposhuka hakuwa na wasiwasi wowote.

“Darini hamna kitu, mwanangu. Pasafi kabisa.”

Kisha akatoka uani kumuaga mwenye nyumba. Irine alimtazama kutoka mlangoni. Alimwona mganga akinyoosha mkono kumsalimu Loth, akamwona Loth akiinua uso, akamwona mganga akiurudisha mkono wake kabla haujashikwa. Alirudi ndani hatua fupi fupi, akakusanya vitu vyake, na chetezo kikamponyoka mara mbili.

“Mzee Athumani,” Irine alinong'ona, “utamtoa?”

“Huyo simwezi. Nitakwenda Ndungu kumtafuta mwalimu wangu, kama bado yu hai.” Aliangalia mlango wa uani, kisha akamtazama Justa mgongoni kwa mama yake. “Una mkeka mwepesi?”

“Ninao.”

“Basi uchukue, na maji, na mtoto. Jua lisizame ukiwa huku chini. Panda darini ulale huko, na ngazi uivute juu.”

Uani, kiti kilikuwa kikisogezwa. Irine alikaza mbeleko, akaweka mkeka kichwani, akaanza kupanda.