Unga wa Pasi Ndani ya Rejeta

Mume wangu ni dobi. Mtaa mzima unamwita Dobi, na hata mimi mkewe namwita hivyo hivyo. Chumba chetu cha mbele ndicho duka lake. Mna meza ndefu, kamba za kutundikia nguo, na pasi kubwa ya mvuke inayopiga miluzi kutwa nzima. Ikishawashwa asubuhi, redio haina kazi.

Pasi ile inadekezwa. Haipewi maji ya kisima, kwa sababu kisima chetu kina chokaa nyingi. Ukichemsha maji yake, yanaacha ukoko mweupe ndani ya birika. Kwa hiyo Dobi anakinga maji ya mvua, anayachuja kwa kitambaa safi, ndipo anaimiminia pasi. Ukinawia mikono maji hayo, mtakosana.

Gari letu halikudekezwa hata kidogo. Ni gari dogo, la zamani, lenye kiti cha nyuma kilichotoboka. Tunalitumia kupelekea watu nguo zao, na kumpeleka mama hospitali. Kila lilipopungukiwa maji, Dobi alichota ndoo kisimani akalimiminia. Miaka nenda, miaka rudi.

Mama ninayemsema ni mama yake Dobi, mama mkwe wangu. Tunaishi naye. Figo zake zimechoka, kwa hiyo kila wiki lazima asafishwe damu kwa mashine. Hospitali iko ng'ambo ya mlima, na njia ile haina usafiri mwingine wa kutegemea. Bila gari, hafiki.

Katikati ya mlima tulizoea kusimama kidogo kulipumzisha gari, lakini wiki moja lilichemsha kabisa. Mshale wa joto ulipanda mpaka mwisho, mvuke ukafuka, tukasimama pembeni kusubiri injini ipoe. Tulipofika hospitali, mashine alikuwa amepewa mgonjwa mwingine. Mama alisubiri mpaka jioni, miguu imevimba, anahema kwa shida. Mimi nilikaa kando yake roho mkononi.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa Dobi, alipata habari. Anaishi mji mwingine, karibu na hospitali kubwa. Alipiga simu, na hakuzunguka.

"Wiki ijayo nitakuja hospitali kuwasubiri," alisema. "Gari likichemsha tena, mama harudi kwenu. Namchukua akae kwangu."

Huwezi kumlaumu. Lakini mama aliposikia, alijifunga kanga yake upya. Kisha akasema, "Mwanangu huyo ananipenda. Ila kule simjui mtu. Nitakaa dirishani kama chungu cha maua mpaka siku zangu ziishe."

Dobi alitoka nje nikamfuata. Alikuwa anafuta machozi kwa mkono wa shati.

"Mama haendi popote," aliniambia. "Hili gari nitalisafisha mwenyewe."

Na dobi akisema atasafisha kitu, unajua atachukua nini. Alichukua sabuni ya unga. Akaijaza kwenye rejeta, lile sanduku la mbele linalopoza maji ya injini, kisha akawasha gari. Haikuchukua muda. Povu lilitoka juu, likashuka mbele ya gari, likatambaa mpaka mlangoni kwa jirani.

Jirani mwenyewe ni Mama Spana. Ana gereji yake, na hajui kunyamaza. Ukimsifu fundi mwingine mbele yake, utasikiliza historia ya kila gari alilowahi kufufua. Alikuja akaruka povu, akazima injini, akatuangalia mmoja mmoja.

"Dobi, leo umefua gari," alisema. "Utalianika wapi?"

Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. Dobi hakucheka. Alimweleza yote, ya mlima, ya kaka yake, ya wiki ijayo.

Mama Spana akaacha utani. "Sawa. Lakini kwanza tusubiri lipoe. Usifungue kifuniko cha rejeta wakati injini ni ya moto. Maji yale yanaruka usoni, yanaunguza vibaya. Mimi nimemwona mtu akiunguzwa, sitaki kuona tena."

Tukasubiri. Lilipopoa kabisa, alishika kifuniko kwa kitambaa kinene, akakizungusha polepole. Akamulika ndani kwa tochi.

"Hakuna mafuta juu ya maji," alisema. "Hiyo ni heri. Mafuta ya injini yakichanganyika na maji, ugonjwa ni mwingine, kusafisha hakutasaidia. Dobi, njoo uangalie. Unaona nini?"

Dobi akainama. "Kutu. Na ukoko mweupe, umeganda kila mahali."

"Ukoko huo unaziba vijia vya maji. Maji hayazunguki, joto halitoki. Sasa niambie wewe, pasi yako ikiziba kwa ukoko, unaipa sabuni?"

"Sabuni itafanya nini kwenye ukoko?" Dobi alijibu, kama ameulizwa na mtoto. "Naipa unga wa ndimu. Ule unga mweupe mkali unaouzwa dukani. Nakoroga na maji ya moto, ukoko unayeyuka, nasuuza."

Kisha akasimama wima. Alilitazama gari, akaitazama pasi kupitia mlangoni, akarudi kwenye gari.

"Na maji ya kisima siipi," alisema taratibu.

"Pasi huipi," alisema Mama Spana. "Gari je?"

Dobi akashika kichwa kwa mikono miwili. Mimi nikamwambia, "Pole, bwana. Pasi ni mke mkubwa, gari limeolewa juzi." Safari hii hata yeye alicheka.

Kazi ikaanza. Mama Spana hakugusa kitu, alisimama na kuamuru kama harusini. Tuliweka beseni chini ya gari, Dobi akafungua tundu la chini la rejeta. Yalitoka maji ya rangi ya chai nzito, na povu lake. Nikataka kuyamwaga mtaroni.

"Hapana, mwanangu," Mama Spana alinizuia. "Maji ya gari yana sumu, na yenye dawa ya rejeta ni matamu. Mbwa au mtoto akiyalamba, anaweza kufa. Yatie kwenye dumu lenye mfuniko. Gerejini nina pipa la maji machafu, nitayapeleka panapostahili."

Tukasuuza kwa maji safi mpaka povu likaisha. Ndipo Dobi akaleta unga wake wa ndimu. Alivaa glavu na miwani, maana unga ule unawasha ngozi na macho. Kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu alitia vijiko viwili vikubwa kwa kila lita, akakoroga mpaka ukayeyuka wote.

"Niongeze?" aliuliza. "Ukoko ni mwingi."

"Usiongeze. Ukizidisha, utakula na chuma chenyewe. Afadhali kurudia."

Akamimina mchanganyiko ndani ya rejeta, akafunga kifuniko, akawasha injini. Mama Spana akamwambia afungulie na hewa ya moto ndani ya gari, ili dawa ipite kila kona. Gari likanguruma uani, limesimama, kwa muda wa kama nusu saa. Mama mkwe alikalia kiti mlangoni akiuangalia mshale wa joto kwa mbali, ingawa macho yake hayafiki huko.

"Na mimi nasafishwa hivi hivi," alisema. "Ila mimi naletewa na mto wa kichwa."

Dobi akauliza kama tuiache dawa ilale humo mpaka kesho. Mama Spana alikataa katakata. "Dawa hii inakula ukoko kwanza, kisha inakula chuma. Ikimaliza kazi, itoke."

Tukazima, tukasubiri lipoe tena, tukafungua tundu la chini. Jamani, yaliyotoka humo. Matope ya kutu, na vipande vyeupe kama maganda ya mayai. Dobi alikuwa anapiga makofi kwa kila kipande. Tulirudia dawa mara moja zaidi, kisha tukasuuza, tukasuuza, mpaka maji yakatoka meupe kama yalivyoingia.

Mpira mmoja ulianza kuvuja. "Ulikuwa umepasuka zamani," alisema Mama Spana. "Ukoko ndio ulioziba." Akatoa mpya gerejini, Dobi akaufunga.

"Sasa tujaze maji ya mvua," alisema Dobi, na uso umemng'aa.

"Maji ya mvua muachie mke mkubwa. Gari linataka kulanti, ile dawa ya rangi ya rejeta. Inazuia kutu na ukoko. Soma kitabu cha gari ujue aina yake, na uichanganye na maji yaliyosafishwa, yale ya kuwekea betri. Ikipungua, ongeza hiyo hiyo. Kisima usahau."

Dobi akaijaza polepole, injini ikiunguruma na kifuniko kikiwa wazi, mpaka mapovu ya hewa yakaisha. Kisha akafunga. Mshale ulipanda mpaka katikati, ukatulia hapo.

Siku ya hospitali ikafika. Tulitoka watatu, mama mbele, mimi kwenye kiti kilichotoboka. Mlima ukaanza. Dobi alishika usukani mpaka mishipa ikamtoka mikononi. Mimi nilikuwa nasali kimoyomoyo, macho kwenye mshale. Nusu ya mlima, mshale uko katikati. Tukafika pale tulipokuwa tunasimama kupoza injini, na Dobi akaanza kupunguza mwendo.

"Unasimama kufanya nini?" mama aliuliza.

"Mazoea, mama."

"Endesha."

Akaendesha. Tulifika kileleni mshale haujasogea, na Dobi akapiga honi ndefu kwa furaha, barabara ikiwa tupu kabisa.

Shemeji alikuwa amesimama mbele ya hospitali, anatazama saa. Alituona tukiingia, akatazama saa tena. Muuguzi alikuwa ndiyo kwanza anaandaa mashine.

"Mmewahi," alisema shemeji.

"Tumewahi," alisema mama, akimpa mkono amshushe. "Asante kwa kunijali, mwanangu. Nitakuja kwako kukusalimia. Kukaa, nakaa kwangu."

Shemeji alimshusha, akamfikisha ndani, akarudi kwetu. Aliinama mbele ya gari kana kwamba litamwambia siri. Nilidhani ataanza ubishi. Akamgeukia mdogo wake.

"Langu nalo limeanza kupanda joto," alisema kwa sauti ya chini. "Huo unga wa ndimu unaupata wapi?"

Dobi akamweleza yote, kuanzia kifuniko cha moto mpaka kulanti, akijipiga kifua kama Mama Spana mwenyewe. Sikumkatisha. Jioni mama alitoka, amechoka lakini anatabasamu, akaingia mbele akafunga mlango. Asubuhi tulitoka watatu, na watatu tukarudi nyumbani.