Mawe Meupe ya Njia ya Majabali

Ilianza na harufu ya maziwa yaliyochacha. Imelda Barrett alimwaga jagi la kwanza, akamwaga la pili, akasugua friji kwa siki na maji ya moto. Bado kila asubuhi alipofungua mlango wa mbele, harufu ilikuwa imesimama kizingitini kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

Na wageni hawakukosekana kiangazi kile. Nyumba ya wageni ya Barrett ni ya mwisho upande ule wa Mayo, magharibi mwa Ireland. Baada yake barabara inakufa, na kinachobaki ni nyasi, kondoo, upepo na majabali yanayoshuka wima mpaka kwenye povu. Watu walivuka bahari kuja kutazama mahali pasipo na duka wala mti. Walirudi kutoka majabalini nywele zimetimka, mashavu mekundu, wakala mkate wa soda na samaki kama watu waliofunga wiki nzima, wakaapa kuja tena mwakani.

Ili wasipotee ukungu ukiingia, Fergal, mume wa Imelda, alipanga mawe meupe pande zote mbili za njia, toka getini hadi karibu na ukingo. Aliyaokota kwenye kijishamba chenye miiba nyuma ya nyumba. Babu zake hawakukilima wala kulisha kondoo humo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwa nini. Aliyasomba kwa toroli mwezi wa Machi, mama yake, Attracta, akiwa amelazwa hospitali na nyonga iliyovunjika. Bibi alirudi na mkongojo na macho yasiyoona tena mpaka getini, akakaa zake jikoni.

Mgeni wa kwanza kulalamika alikuwa Joost, Mholanzi mrefu aliyekuja peke yake.

"Bwana Fergal, ulisema dakika ishirini. Mimi nimetembea saa mbili."

"Njia ina mawe kulia na kushoto! Hata kondoo wangu hawapotei, na kondoo wangu ni wajinga kupindukia."

"Basi kesho nikodishie mmoja anitangulie," alisema Joost. Imelda alicheka, lakini mgeni hakucheka. "Kuna jiwe nimelipita mara tisa, mama. Nilikuwa natembea mbele, na lenyewe lilikuwa mbele yangu kila mara."

Siku mbili baadaye, wakiwa mezani asubuhi, walisikia kilio chembamba.

"Ni sili huyo, mnyama wa majini," alisema Fergal, akipaka siagi.

"Sili wanalia baharini," alisema Imelda. "Hicho kinalia getini."

Alhamisi, kabla ya adhuhuri, ukungu ulipanda kutoka baharini ukameza zizi, ukameza geti. Joost alikuwa huko nje. Fergal alivaa koti lake.

"Nusu saa tu. Bandika viazi."

Viazi viliiva, vikapoa. Imelda alisimama getini akaita mpaka sauti ikamkauka. Ndipo akamsikia mumewe akiuliza, kwa sauti ya karibu kabisa, kama mtu aliye chumba cha pili, "Imelda, geti liko wapi?" Akanyoosha mkono ndani ya weupe ule akashika baridi tupu, na sauti ikapita mbele yake, ikaenda kushoto, ikarudi kulia, ikafifia kuelekea majabalini, na nyuma yake kikafuata kilio, halafu kingine, halafu vingine vingi vyembamba, chini chini usawa wa magoti, na harufu ya maziwa ikawa nzito kiasi kwamba aliionja ulimini.

Alikimbilia jikoni. Attracta alikuwa amesimama, ameegemea mkongojo.

"Watoto wanalia," alisema bibi kwa kunong'ona. "Imelda, njia ile mmeifanya nini?"

"Fergal aliipangia mawe, mama. Mawe meupe ya kile kishamba."

Bibi aliketi ghafla.

"Hamkuniuliza."

"Na wewe hukutuambia!"

"Hatukuambiana hata sisi wenyewe," alisema Attracta. "Ni watoto waliokufa kabla ya kubatizwa. Padri hakuwaruhusu kwenye makaburi ya kanisa. Baba wa mtoto alimbeba ndani ya koti, peke yake, akamfukia kwenye kishamba kile, akaweka jiwe jeupe kutoka ufukweni. Hakuna jina, hakuna sala. Mama wa mtoto hakuambiwa hata ni jiwe lipi. Mtu akikanyaga mahali pa mtoto kama huyo, anapotea. Na mume wako amewatawanya mpaka baharini."

"Mama, unajuaje…"

"Mmoja ni wangu. Kabla ya Fergal." Akajifuta mdomo. "Langu nalijua. Nilimfuata baba yake kwa siri. Lina mstari mwekundu kama uzi. Nipe koti langu. Na chupa ya maji ya baraka."

Alivaa koti kinyume, bitana nje, akamvalisha Imelda vivyo hivyo, kwa kuwa aliyepotezwa hurudishiwa njia hivyo. Wakaingia ukunguni. Kwenye kila jiwe bibi aliinama, nyonga ikimuuma, akanyunyiza maji.

"Kama hukupewa jina, nakupa. Ukiwa wa kiume, wewe ni Colman. Ukiwa wa kike, wewe ni Ita."

Kila jiwe lilipopata jina, kilio kimoja kilizimika, taratibu, kama mtoto aliyepewa ziwa. Katikati ya njia wakamkuta Joost amekaa chini, viatu vimetoboka soli. Wakamsukuma upande wa getini. Mawe yakaisha. Mbele ilisikika bahari tu, na kilio kimoja kilichobaki.

"Langu halipo," alisema Attracta.

Imelda akakumbuka. Mwezi wa Mei msichana mmoja wa Kanada aliandika katika kitabu cha wageni: *Nimebeba jiwe zuri lenye uzi mwekundu, niwe na pwani yenu nyumbani.*

"Fergal!" aliita bibi. "Rudi, mwanangu!"

"Naja, mama," ilijibu sauti tulivu kutoka ukingoni. "Acha nimchukue huyu mtoto kwanza. Yuko peke yake."

"Usiende mbele! Mlete hapa. Mlete kwa mama yake!"

Bahari ikapiga mara tatu. Kisha Fergal akatokea, uso mweupe, mikono ameikunja kifuani. Haikuwa na kitu.

"Nipe," alisema Attracta. Akapokea, na mikono yake ya kizee ikashuka kwa uzito.

Mawe yalirudishwa kwenye kishamba. Imelda alimwandikia yule msichana barua mara tatu, na zote zikarudi bila kufunguliwa. Wageni bado wanakuja, wanatembea dakika ishirini na kurudi wakisifu upepo. Wanamwona bibi jikoni akipembea polepole, mikono kifuani, wanadhani ni uzee. Halali kitandani tena, maana akimlaza mtoto chini tu, Fergal huamka na kuanza kutafuta viatu vyake aende majabalini.

Juzi, Imelda akiosha vyombo vya chai, Attracta alimwita.

"Mwanangu, mikono yangu imechoka. Nami sina siku nyingi. Njoo ujifunze kumshika."

Imelda alikausha mikono kwa aproni. Akamtazama mumewe kupitia dirisha, akikata nyasi kando ya njia. Kisha akanyoosha mikono.

Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyodhani, na wa baridi, na alinuka maziwa.