Pini ya Parklands

Kila siku nikitoka shuleni, nilipitia kwanza kwenye karakana ya Baba kabla ya kwenda nyumbani. Nilivua sweta, nikakalia ndoo iliyogeuzwa, nikamshikia tochi huku akichungulia tumbo la cherehani ya mtu. Baba yangu anaitwa Isaiah, na hapa Kinoo, nje kidogo ya Nairobi, hakuna anayemshinda kwa kutengeneza cherehani. Huzungusha gurudumu mara moja tu, akainamisha sikio, kisha akakwambia ni wapi panaposumbua. Kazi hiyo ya tochi niliipenda. Kilichonikera ni simu.

"Shuka hapo Kinoo," Baba alikuwa akimwambia kila mteja mpya. "Vuka barabara, ufuate ile njia ya pale palikuwa na posho mill. Ukipita mahali Mwaura alikuwa anauza makaa, uliza fundi Isaiah. Kila mtu ananijua."

Palikuwa! Kinu hicho cha posho kilibomolewa kabla sijaanza chekechea. Mwaura naye alirudi kwao Murang'a kitambo. Mteja alizunguka, akapiga simu tena, na Baba akarudia maelezo yaleyale kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba kosa ni la masikio ya mteja. Baada ya hapo mteja hakupiga tena. Nilipomwambia Baba atundike kibao kando ya barabara kuu, alinijibu kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli chema chajiuza, lakini si kikiwa kimefichwa nyuma ya duka la vyakula vya kuku.

Mwanzoni mwa muhula wa pili, Mama alitupa habari mezani. Baba alikuwa ameitwa kazi ya kutengeneza mashine katika kiwanda cha nguo huko Athi River. Angelala hukohuko na kurudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Hakutaka kwenda, lakini karakana ilikuwa haitulishi tena. Angengoja hadi mwisho wa mwezi, na wateja wasipoongezeka angefunga mlango na kwenda. Nilimtazama Baba, naye akaitazama sahani yake. Chakula kilinishinda.

Wiki hiyohiyo, mwalimu wetu wa kompyuta alitufundisha jinsi biashara inavyowekwa kwenye ramani ya simu ili anayetafuta aipate. Niliazima simu ya Baba. Nilijaza jina, namba na saa za kazi, nikapiga picha za mlango na za Baba akiwa amezama kazini, nikatuma na video ya kuthibitisha kwamba mahali hapo papo kweli. Siku chache baadaye tukatokea. Nilimwonyesha Baba pini nyekundu, alama ya mahali petu, imesimama juu ya Kinoo, akasema "ni sawa" kama mtu aliyeonyeshwa mchoro wa mtoto mdogo, akarudi kuzungushia uzi bobini yake.

Kwa siku kumi walikuja wateja wawili. Wawili tu! Mwalimu alisema nisiwe na pupa. Alinishauri niongeze picha, na niwaombe wateja walioridhika waandike maoni yao. Hayo yote yalihitaji muda, na mwezi ulikuwa ukiyoyoma.

Ndipo Ciru, tunayeketi naye dawati moja, aliponipa akili. Alikuwa amegundua kwamba ramani humwonyesha mtu biashara zilizo karibu naye kwanza.

"Kwani huku Kinoo nani anatafuta fundi kwa simu?" aliniuliza. "Huku watu wanauliza jirani. Peleka hiyo pin Parklands. Huko hakuna mtu anauliza jirani kitu."

Maneno hayo yaliniingia kama chai ya asubuhi. Niliingia kwenye ramani, nikaing'oa pini kutoka Kinoo, nikaichomeka Parklands, mtaa wa wenye uwezo huko Nairobi, mbele ya jengo moja refu la ghorofa lenye geti jeusi. Sikulijua jengo hilo wala waliokaa ndani yake. Nililichagua kwa sababu lilionekana vizuri. Nilipoona hakuna aliyenikemea, niliandika pia kwamba tuko wazi usiku na mchana. Ciru na wenzetu wanne wakatupa nyota tano kila mmoja na sifa kemkem. Mmoja aliandika kwamba Baba alimshonea gauni la harusi. Msichana huyo ana miaka kumi na mitatu, na Baba hawezi kushona hata kifungo. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Baba sikumwambia.

Simu zikaanza kulia. Siku ya kwanza Baba alifurahi akapiga mluzi. Siku ya pili mluzi ulikoma.

Mtu alipiga akasema amefika getini. Baba akamuuliza geti gani, maana kwetu hakuna geti. Mwingine alidai kwamba bawabu amemwambia hapo hakuna fundi wa aina yoyote. Mwingine alipiga saa kumi na moja alfajiri, akataka kujua kwa nini kumefungwa na imeandikwa kuko wazi. Baba alijieleza, akajieleza tena, akakatiwa simu, akabaki akiitazama simu kana kwamba ndiyo iliyomtukana. Alisema watu wa Nairobi wameanza kurukwa na akili. Mimi nilikaa juu ya ndoo yangu na tochi mkononi. Ningeweza kusema siku hiyo. Sikusema, na kila siku iliyopita ikafanya kusema kuwe kugumu zaidi.

Alhamisi alipiga mwanamke aliyejitambulisha kama Madam Waithera, mkuu wa chuo cha ushonaji. Alikuwa na cherehani thelathini na alitafuta fundi wa kuzikagua kila mwezi. Angekuja Jumamosi saa nne aione karakana kwanza. Baba alipokata simu aliketi, akasimama, akaketi tena. Kazi hiyo moja ingetosha kumbakisha nyumbani.

Jioni hiyo nilikimbilia ramani kuirudisha pini Kinoo. Ramani ikaniambia mabadiliko yangu yanakaguliwa. Ijumaa ikaniambia hivyohivyo. Nilipoisogeza kwa uongo ilikubali upesi, na sasa nilipotaka kusema kweli ikaniweka kwenye foleni. Hata hivyo sikufungua mdomo.

Jumamosi Baba alifagia karakana mara mbili na kuvaa shati la kanisani. Mama alileta chupa ya chai na mandazi. Saa nne na dakika tano simu ililia. Baba aliiweka kwenye spika ili tusikie sote.

"Fundi, niko hapa kwa gate," Madam Waithera alisema. "Watchman anasema hakuna karakana hapa na hajawahi kukuona."

"Madam, umeshavuka barabara? Umepita pale palikuwa na posho mill?"

"Posho mill gani, na niko Parklands?"

"Parklands? Madam, mimi niko Kinoo. Miaka kumi na tano niko Kinoo."

Madam Waithera akasema polepole, "Mtu ambaye hawezi kuniambia ukweli kuhusu mlango wake, nitamwachia aje mashine zangu?" Simu ikakatika.

Baba hakugomba. Aliketi kwenye kiti chake cha kazi, akasema kwamba Jumatatu atawapigia watu wa Athi River awaambie anakwenda. Nililia, nikasema yote. Nilisema kuhusu pini, usiku na mchana, nyota, hata gauni la harusi.

Mama alishika kichwa. "Kwa hivyo hao watu wote niliwagombeza walikuwa sawa," Baba alisema. Kisha akachukua mfuko wake wa vifaa. "Vaa viatu. Tunaenda huko kwa hiyo gate yako."

Bawabu wa geti jeusi aliitwa Kisilu. Baba alipomweleza sisi ni akina nani, alivua kofia, akajipangusa uso, akaivaa tena.

"Siku kumi na moja," alisema. "Nimeitwa mkora. Kuna mwanaume ameniambia nimeficha fundi huko ndani. Nifiche fundi, nimpeleke wapi?"

Alitoa kitabu cha wageni, kile ambamo kila anayefika kwenye geti la Nairobi lazima aandike jina lake na anakokwenda. Akaniamuru nisome. Nilihesabu watu kumi na saba, na mbele ya kila jina paliandikwa fundi wa cherehani. Wenye nyumba walikuwa wamelalamika kwamba Kisilu anakusanya watu getini, na kampuni yake ilikuwa imempa barua ya onyo. Onyo la pili lingemfukuza kazi. Baba alimwahidi kwamba tungekwenda wenyewe ofisini kwao kueleza, na kwamba atakayeeleza ni mimi.

"Na huyu je?" Kisilu aliuliza, akaweka kidole kwenye jina la mwisho. Wavinya. Alikuwa mama mzee aliyefika jana yake kutoka Kangemi, amebeba kichwa cha cherehani, yaani mashine yenyewe bila meza yake, mgongoni kwa leso kama mtoto. Alipoambiwa hakuna fundi, aliketi chini pale ukingoni mwa barabara akashindwa kuinuka. Kisilu alimpa maji, akamwekea mzigo wake kibandani ili arudi kwao mikono mitupu. Mama huyo alikuwa ameahidi kuufuata siku hiyo mchana.

Kile kichwa kilikuwa pale sakafuni, bado kimefungwa leso. Nilijaribu kukiinua kwa mikono miwili, nikashindwa kukipitisha magoti. Nilikuwa nimeona aibu tangu asubuhi, lakini hapo ndipo nilipojichukia hasa.

Baba aliketi ukingoni mwa barabara na shati lake la kanisani, akafungua mfuko wa vifaa. Alizungusha gurudumu mara moja, akainamisha sikio, akaanza kufungua skrubu. Bila kunitazama alinipa simu. "Pigia Madam. Mwambie ni nani alidanganya."

Madam Waithera alipopokea, nilimwambia jina langu na nilichofanya. Sikutafuta sababu ya kujitetea, maana sikuwa nayo.

"Na baba yako alijua?"

"Hapana, Madam. Amejua leo."

"Sasa yuko wapi?"

"Ameketi hapa nje ya gate. Anatengeneza mashine ya mama aliyekuja akamkosa."

"Mwambie asiondoke."

Chuo chake kilikuwa mitaa miwili tu kutoka hapo. Alikuja kwa miguu, mwanamke mrefu mwenye miwani na kamba ya kupimia ikimning'inia shingoni. Hakutusalimu kwa mkono. Alisimama juu ya Baba akatazama kazi. Baba alisafisha meno ya mashine, akatia mafuta, akabadilisha sindano, akakaza mahali ambapo mimi nisingepaona. Halafu akasogea kando. Madam Waithera alichuchumaa, akalizungusha gurudumu mwenyewe, mara moja, mara mbili. Lilizunguka kimya.

Mama Wavinya alifika wakati huohuo. Baba alisimama akamwomba msamaha kama mtu anayemwomba mamake, na mama huyo alipofungua fundo la leso aliyojifunga kutafuta malipo, Baba alikataa katakata. Tena akaniambia nitaubeba mzigo huo pamoja naye hadi Kangemi. Tuliubeba, Baba upande mmoja na mimi upande mwingine, na kabla hatujafika mikono ilikuwa imekufa ganzi.

Lakini kabla ya kuondoka, Madam Waithera alimwambia Baba afike chuoni Jumatatu. Angempa cherehani tano za kuanzia, na akiridhika angempa zote. Kisha akanigeukia.

"Wewe msichana. Unajua kutumia hiyo ramani kuliko sisi wote hapa, na hiyo ni kazi nzuri. Lakini mimi sikutafuta nyota, nilitafuta mtu. Ukimwita mtu, hakikisha akifika atakukuta."

Jumatatu mimi na Baba tulikwenda kwenye ofisi ya walinzi nikaeleza, na barua ya Kisilu ikaondolewa. Ciru na wenzetu walifuta maoni yao, na huyo wa gauni ndiye aliyenung'unika zaidi. Pini ilirudi Kinoo siku ya Jumanne. Maoni yetu yalitoka saba yakabaki mawili, ya wale wateja wawili wa kwanza, ambao kumbe walikuwa wameandika bila hata kuombwa.

Siku ya mwisho ya mwezi, Baba aliniita karakanani. Alikuwa amemaliza zile tano, na ishirini na tano zilizobaki alikuwa ameshapewa. Alipiga simu Athi River mbele yangu, akamshukuru mtu wa upande wa pili, akamwambia atafute fundi mwingine. Alipokata simu, niliruka kwa furaha.

"Usifurahie bado," aliniambia. "Ulifanya hayo kwa sababu hukutaka niende mbali. Naelewa, na hata mimi sikutaka. Lakini fundi hana kitu kingine isipokuwa neno lake. Kama ningepata hizi mashine kwa ile pini, ningeishi hapa nyumbani kila siku nikiogopa simu ikilia."

Nilimwambia nimeelewa. Alinitazama kuhakikisha, kisha akanipa tochi, maana cherehani ya kwanza ya chuo ilikuwa imerudi na bado inaruka mishono.