Mume wa Martine Aliniletea Kuku

Nilifungua mlango nikamkuta Grégoire amesimama, kuku mkononi.

Hamjui Grégoire ni nani. Ngoja niwaambie...

Ndiye aliyemvunja mkono rafiki yangu Martine. Ndiye mwanaume ambaye Martine alimkimbia huko kambi ya dhahabu, upande wa Shabunda, akaja kujificha hapa Kadutu, mjini Bukavu, karibu kabisa na kwangu. Siku zote nilikuwa naogopa atafika na panga.

Sasa kafika. Na kuku.

"Ni weye Maman Georgette?"

"Ni miye."

"Ile Maman Georgette ya gazeti?"

Akatoa gazeti kwenye koti. Lilikunjwa na kukunjuliwa mpaka likaanza kukatika.

"Nimekuja kukupatia aksanti, maman. Katekista anatusomeaka hadisi yako kila siku ya Mungu, misa ikiisha. Kambi nzima banalia. Sasa batu banajua kosa haikuwa yangu."

Akaweka kuku chini, karibu na miguu yangu.

"Alhamisi tuko na tribinali, miye na Martine, juu namushitaki arudi kwangu. Gazeti yako njo shahidi yangu."

Akavua kofia, akaniaga kwa heshima zote, akaenda zake. Mimi nikabaki mlangoni na kuku wa shukrani, na sikuweza hata kumshika.

Najua mtanitukana. Tukaneni tu, ila someni mpaka mwisho.

Naitwa Georgette. Huu ni mwaka 1957. Masista walinifundisha kusoma, kuandika na kushona, nami nikajiona nimefika. Simulizi zangu zilikuwa zikitoka kwenye gazeti dogo la kanisa, ukurasa wa nyuma, jina langu chini. Nikipita sokoni watu walinong'onezana, "Ni yeye," nami nilijifanya sijasikia. Raha yake, acha tu.

Shida ilikuwa moja: sikuwa na cha kuandika. Bwana wangu anaenda kazini, anarudi, anakula, analala. Nani atalilia hayo?

Martine alikuwa nacho.

Kila Jumamosi alikaa kwenye mkeka, mgongo kwangu, nikimsuka nywele. Mtu anayesukwa hakuoni usoni, kwa hiyo anasema mengi.

Akanieleza habari za mtoto wake, Virginie. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema. Alishikwa na surua. Martine akataka kumkimbiza dispansari ya kambi. Grégoire alikuwa amelewa, akafunga mlango, akasema bibi yake hatembei kambini giza likiingia. Martine akauvuta ule mlango. Hapo ndipo mkono ulipovunjwa.

Asubuhi mtoto hakuamka.

Martine na jirani yake Marcelline wakamwosha. Baada ya maziko, Martine akapanda kamio, lori la mihogo, akaja Bukavu.

Mtoto alikufa kwanza. Mama akaondoka baadaye. Shikeni mpangilio huo, tafadhali.

Nikaandika. Nilibadilisha majina, nikajiambia hiyo inatosha. Vitu vingine nikaviacha vilivyo kwa sababu vilipendeza mno: nyumba karibu na tanki la maji, ushanga wa buluu kiunoni mwa mtoto.

Nikampelekea Monsieur Xavier, mhariri wetu, mtu wa tai na miwani. Akasoma mpaka mwisho, akanitazama.

"Georgette, iko muzuri. Lakini funzo iko wapi?"

"Funzo, Monsieur?"

"Bibi anakimbia bwana, anafika mu ville, hapa Bukavu, anaishi salama. Ndiyo funzo hiyo? Kila kamio sasa inashusha mwanamuke mwenye hana bwana. Unataka bote bafanye vile?"

"Lakini njo vile ilikuwa."

"Hii si habari ya redio. Ni simulizi. Enda utafute funzo."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kuichukua karatasi yangu nikaenda kuwashia nayo moto.

Nililipata funzo jikoni, nikichambua maharagwe. Wala halikunisumbua. Niligeuza tu mpangilio. Kwenye simulizi yangu mama anaondoka kwanza. Nikamwongezea mchuuzi wa vitenge, ili watu wajue anaondoka na nani. Mtoto anabaki na homa, anaita mama, anaita mpaka sauti inakwisha. Baba anarudi kutoka shimoni na taa yake, anamkuta amepoa. Anamzika na ushanga wake.

Na ilikuwa nzuri, ndugu zangu. Nililia mwenyewe nikiandika. Machozi yale ndiyo ninayoyachukia kuliko yote.

Gazeti likatoka. Kwenye bomba la maji wanawake hawakuwa na habari nyingine.

"Ule mama ni muchawi."

"Kuacha mutoto na homa, juu ya vitenge..."

"Na ule ushanga ya buluu. Ushanga ilinimaliza."

Martine alikuwa kwenye mstari na ndoo yake. Niliona neno "ushanga" lilivyomfikia. Akageuka, akanitazama. Akajaza ndoo, akaenda.

Jumamosi ile hakuja kusukwa. Nikajiambia labda ni mgonjwa. Jumamosi iliyofuata nikajiambia hivyo hivyo.

Mpaka kuku alipofika.

Nilikimbia kwa Monsieur Xavier nikiwa na kanga ya jikoni.

"Andika mu gazeti: nilidanganya."

"Simulizi haidanganyake, Georgette. Nani anashitaki simulizi?"

"Bataiweka mbele ya tribinali. Batamurudisha Martine kambini juu yake."

Akavua miwani, akaifuta polepole.

"Tukisema leo gazeti ilikosa, kesho batauliza ilikosa wapi ingine. Sasa kuna maneno mingi mu inchi. Gazeti haiwezi kuyumba."

Akanifungulia mlango kwa adabu. Mtu mzuri, kila mtu anasema.

Nikaenda kwa Martine. Alikuwa akipepeta unga. Nilipiga magoti pale pale kwenye vumbi.

"Nisamehe."

Aliendelea kupepeta.

"Bakinirudisha mu ile nyumba, Georgette, sitatoka tena. Unajua."

"Najua."

"Utakuja Alhamisi?"

"Nitakuja."

"Basi simama. Unachafua kitenge."

Alhamisi tribinali ilijaa mpaka nje. Watu hawakuja kwa ajili ya Martine. Walikuja kumwona yule mama wa gazeti.

Mzee Alphonse, mwamuzi, alikuwa na gazeti mezani. Grégoire akasema maneno yake vizuri, taratibu, kama mtu anayekariri. Kisha akaitwa Marcelline, yule jirani wa kambini, aliyemwosha mtoto pamoja na Martine.

Nikashusha pumzi. Huyu alikuwepo. Huyu atasema.

"Martine aliondokaka na muchuruzi ya bitenge," Marcelline akasema. "Mutoto alibaki analia. Miye nilimusikia."

"Ule muchuruzi ulimuona?"

"Nilimuona, muzee. Alikuwa na kofia."

Nilimtazama usoni nikautafuta uongo, nikaukosa. Marcelline hakuwa amehongwa, wala hakuwa na chuki. Alikuwa akisema alichokiona. Mchuuzi niliyemtunga mimi jikoni, juu ya maharagwe... huyu mama amemwona, na kofia amemvalisha mwenyewe.

Katekista alisoma Jumapili baada ya Jumapili. Gazeti la kanisa, jamani. Nani angelibishia?

Nilisimama bila kuitwa.

"Muzee, ule muchuruzi hayuko. Nilimutunga miye. Ni miye Georgette."

Watu wakacheka. Mzee Alphonse akanyoosha mkono wakanyamaza.

"Tanki ya maji ulitunga?"

"Hapana. Iko."

"Ushanga?"

"Iko."

"Mutoto alikufa?"

"Alikufa, muzee."

"Basi uongo iko wapi?"

"Ni namna nilipanga. Mutoto alikufa mbele, mama aliondoka nyuma. Nikageuza."

"Juu ya nini?"

Monsieur Xavier alikuwa amekaa safu ya mbele, anatazama viatu vyake. Ningeweza kumtaja. Lakini maharagwe yalikuwa yangu, na kalamu ilikuwa yangu.

"Juu hadisi ipendeze."

"Basi weye ni muongo, mama. Sasa nitajua namna gani? Ulidanganya mu gazeti, ao unadanganya hapa?"

Kila neno nililobakiwa nalo nilikuwa nimeshaliharibu mwenyewe.

Ndipo Martine alipoinuka. Akafungua pindo la kitenge chake pale kiunoni, akatoa kitu, akakiweka juu ya gazeti.

Ushanga wa buluu.

"Gazeti inasema alizikwa nayo," akasema. Akarudi kukaa.

Marcelline alisogea mezani kabla hajaitwa. Akauchukua ule ushanga, akaupapasa mpaka mwisho wa uzi. Akaupeleka mdomoni, kwenye meno.

"Hii uzi nilikata miye," akasema polepole. "Na meno. Kisu haikukuwako. Tulikuwa tunamuosha... Martine alikuwa anamushika kichwa, na mukono moja, ule ingine ilikuwa imevunjika. Miye nikakata na meno."

Akamgeukia Martine, akaanza kulia.

"Ulikuwako. Ulikuwako, mama... Sasa ule muchuruzi nilimuona wapi?"

Mimi ndiye niliyekuwa na jibu, na nilikuwa nimeshalitoa.

Mzee Alphonse akakata shauri: Martine harudi kambini. Abaki Kadutu.

Nje nilimfuata Grégoire. Nilitaka kumtukana. Nilitaka kumrudishia kuku wake. Alikuwa akilikunja gazeti lake, anakunja tena, mpaka likawa dogo kama sanduku la kiberiti.

"Kuku yako iko kwangu," nikasema.

"Ubaki nayo, maman." Hakuniangalia. "Na ile hadisi yako, nilikuwa nimeanza kulala usiku."

Nimemchukia mtu yule kwa muda mrefu. Siku ile nilijua kwamba nilimpa kitu ambacho hakustahili, na nilikichukua kwa Martine.

Jumamosi, Martine akaja. Akatandika mkeka mwenyewe, akakaa, akanipa mgongo. Moyo wangu ulitaka kupasuka kwa furaha. Nikajua nimesamehewa. Nikachukua chanuo.

"Georgette."

"Niko."

"Unieleze vile ilikuwa."

"Nini?"

"Mambo ya Virginie."

Nilidhani ananitania. Nikasubiri acheke.

"Marcelline amekumbuka," akasema. "Miye hapana. Nilisikia yako mingi sana pa bomba. Kila siku, kila ndoo. Sasa nikifunga macho, naona niko mu kamio, naona mutoto mu mulango, ananiita. Nashika ushanga, najua si vile. Lakini ile yako njo inakuja."

Mikono yangu ilisimama kichwani mwake.

"Weye nilikuelezaka mbele ya kuandika," Martine akasema. "Iko kwako. Unirudishie."

Kwa hiyo ndivyo tunavyofanya sasa. Kila Jumamosi namsuka, na nikimsuka namsimulia maisha yake mwenyewe, kwa mpangilio wake. Ulikuwa umeshika mlango. Ulivuta. Hukumwacha. Ulimshika kichwa mpaka mwisho. Ananisikiliza, wakati mwingine ananiambia nirudie.

Gazeti halikuandika neno. Pale bombani bado wanamsema yule mama mchawi, wengine hata hawajui kama aliishi kweli. Mimi siandiki tena ukurasa wa nyuma.

Monsieur Xavier angesema, funzo liko wapi? Haya, hili hapa, safari hii halina mchuuzi. Wewe unayeandika, na wewe unayepokea na kusambaza: msiba wa mtu si wako kupanga upya. Ukishaugeuza, wenyewe wanaweza wasijue tena njia ya kuurudia.

Na kuna jambo moja sijamwambia Martine.

Ninapofika pale pa asubuhi ile, pale mtoto alipokuwa ameshika kidole cha mama yake, huwa nasita. Sijui tena kama hicho kidole alinieleza yeye, au nilikiweka mimi.

Martine anapapenda sana hapo. Huwa ananiambia nirudie.

Narudia.